Maji, ngazi na "mpangaji anayejielewa": niliyojifunza kwa kuandika matangazo ya nyumba Dar es Salaam

"Dada, maji haya wewe uliyaonja?"

Aliyeniuliza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto mgongoni, amepanda daladala mbili kutoka Gongo la Mboto kuja Tabata kuangalia chumba na sebule nilichokitangaza. Tangazo langu lilisema "maji masaa 24". Alipofungua bomba maji yalitoka kwa nguvu, nami nikasimama pembeni nikiwa na amani kabisa. Akakinga kiganja, akaonja, akatema. Yalikuwa maji ya kisima, chumvi tupu. Kufulia ni taabu kwa sababu sabuni haitoi povu, na ya kunywa na kupikia angelazimika kununua kwa madumu kila siku, kwa mshahara ule ule aliokuwa ameupigia hesabu ya kodi.

Sikuwa nimeyaonja. Mwenye nyumba aliniambia maji yapo muda wote, nami nikaandika kama nilivyoambiwa. Ukilipima neno kwa neno, tangazo langu halikuwa na uongo, maana maji yalikuwepo masaa 24 kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Yule mama alipoteza nusu siku, nauli, na ile elfu kumi niliyomtoza ya kuonyeshwa chumba, kwa sababu ya sentensi ambayo kila neno lake lilikuwa sahihi. Nilimrudishia elfu kumi yake pamoja na nauli. Akanishukuru, akafunga kanga vizuri, akaondoka. Mimi nilibaki pale uani nimeshika simu, nikilisoma tangazo langu upya kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine.

Kazi hii ya udalali nilijifunzia kijiweni. Tulikuwa tunakaa benchi chini ya mkungu, na matangazo yenyewe yalikuwa ubao uliogongelewa kwenye mti: CHUMBA KINAPANGISHWA, namba ya simu, basi. Mwenye shida anakuja, anauliza, mnaongea uso kwa uso. Baadaye mambo yakahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, na hapo maneno yakaanza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mazungumzo. Mteja haoni uso wako tena. Anasoma mistari minne akiwa ndani ya daladala, anaamua kama atapiga simu au atapita.

Maneno yenyewe tulirithishana bila kuyachunguza. Nyumba kali. Haipoi hii. Mtaa wa kishua. Mtaa umetulia. Dakika tano kutoka lami. Huduma zote muhimu zipo. Bei inazungumzika. Mpangaji awe anajielewa. Mzee niliyemkuta kijiweni, mtu mwema aliyenifundisha mengi, alikuwa akisema tangazo kazi yake ni kumtoa mteja nyumbani kwake tu, akishafika atajionea mwenyewe. Nilimwamini kwa miaka. Siku ya maji ya chumvi ndipo nilipoanza kuona kasoro ya maneno yale: gharama ya mteja kujionea mwenyewe anailipa nani?

Nikaamua kwamba kila neno nitakaloliandika nitaenda kwanza kulipima. Nilianza na "dakika tano kutoka lami". Dakika tano za nani? Nilishuka kituoni na mkoba wangu begani, nikaangalia saa, nikatembea mwendo wa mtu aliyetoka kazini amechoka. Dakika 17. Zile tano zilikuwa za bodaboda, tena kiangazi. Na kati ya kituo na ile nyumba kuna korongo ambalo masika bajaji haivuki, hivyo mpangaji atavua viatu, ashike pindo la suruali. Nikaandika: "Kutoka kituo cha daladala ni dakika 17 kwa mguu, au bodaboda kwa shilingi 1,000. Mvua kubwa ikinyesha kuna korongo moja ambalo bajaji haipiti." Mwenye nyumba alinipigia akilalamika kwamba namharibia. Kilichotokea ni kwamba simu zilipungua, lakini waliokuja kuangalia walikuja wakijua. Kabla ya hapo nilikuwa nawazungusha watu kumi au zaidi kwa chumba kimoja, na kila mmoja ananiacha kwenye lile korongo. Safari hii alikuja wa kwanza, wa pili, na wa tatu akalipa. Huyo wa tatu ni fundi friji mwenye pikipiki yake, korongo kwake halikuwa kitu.

"Umeme upo" nalo ni neno lenye vyumba vingi. Upo kwa Luku inayojitegemea, au upo kwa Luku moja ya nyumba nzima ambayo wapangaji wanne wanachangia, mmoja ana pasi na jokofu, mwingine ana taa moja na redio? Anayejua nyumba za kupanga anajua ugomvi mwingi unaanzia kwenye Luku. Siku hizi naandika wazi: "Luku yake mwenyewe," au "Luku moja, wapangaji watatu, kila mmoja ana mita ndogo ya ndani, mnalipa kwa matumizi." Masta nayo, yaani chumba chenye choo chake ndani, naiangalia kwa macho yangu. Kuna wenye nyumba wanaoita masta chumba ambacho choo chake kiko hatua mbili nje ya mlango, eti kwa kuwa anakitumia mpangaji huyo peke yake. Kama ni cha nje naandika cha nje.

Ukubwa wa chumba ni jambo la kukaa nalo kidogo, maana picha za simu zinadanganya kuliko maneno. Ukisimama pembeni kabisa ya mlango ukaipiga picha kwa lenzi pana, chumba cha futi 10 kwa 10 kinaonekana ukumbi. Nikawa naandika vipimo kwa futi, lakini nikagundua wengi wetu futi hatuzioni kichwani. Tunachokiona ni vyombo vyetu. Basi naandika hivi: "Kinaingia kitanda cha tano kwa sita na kabati la milango miwili, inabaki nafasi ya kupita upande mmoja." Dada mmoja aliniambia aliposoma sentensi hiyo aliamua hapo hapo kuwa godoro lake linaingia na kabati la mama yake halitaingia, akaliuza kabla ya kuhama.

"Mtaa umetulia" siliandiki tena mpaka nimekwenda Jumamosi saa 3 usiku. Mitaa mingi ya Dar imetulia Jumanne saa 5 asubuhi.

Msije mkadhani nakusudia tangazo likauke, liwe orodha ya kasoro. Nyumba inastahili kusifiwa, na mwenye nyumba aliyejenga kwa jasho la miaka ana haki ya kuona kitu chake kimeelezwa kwa heshima. Nilichogundua ni kwamba sifa ya kweli inavutia kuliko "nyumba kali sana", kwa sababu hiyo kila mtu anaiandika, na jicho la msomaji linairuka. Ukikaa kwenye nyumba dakika ishirini bila kuongea utaiona sifa yake. Kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili Mbagala, bati lililopauka, sakafu ya saruji bila marumaru, haina jipsam, na kila dalali aliyeitangaza aliiandika kwa kuionea haya: "nyumba ya kawaida, bei poa". Nilienda alasiri. Kibaraza kilikuwa upande wa mashariki, kwa hiyo kuanzia mchana kinakuwa kivulini, na kulikuwa na mwembe mkubwa unaoleta upepo mpaka sebuleni. Nilikaa pale na bibi mwenye nyumba tukanywa maji, sikutamani kuondoka. Nikaandika:

"Vyumba viwili, sebule, jiko la nje. Sakafu ya saruji, haina marumaru wala dari. Kibaraza kinakaa kivulini kuanzia saa 7 mchana, kuna mwembe uani na upepo wake unafika sebuleni. Maji ya Dawasa yanatoka siku tatu kwa wiki, kuna simtanki la lita 1,000. Choo ni cha ndani, cha kumwaga maji kwa ndoo. Kodi ni ya miezi sita, na bibi mwenye nyumba anaishi nyumba ya pili ndani ya uzio huo huo."

Ilichukuliwa ndani ya wiki na familia iliyotoka Lindi. Baba alisema alipiga simu kwa sababu ya mwembe.

Kwenye viwanja maneno yanauma zaidi, kwa sababu mpangaji aliyedanganywa anapoteza miezi sita, mnunuzi wa kiwanja anapoteza akiba ya maisha. "Kimepimwa" na "kipo eneo linalopimwa" ni vitu viwili vilivyo mbali. "Kina hati" na "hati ipo kwenye mchakato" vivyo hivyo. Nimeona leseni ya makazi ikitangazwa kuwa ni hati, wakati leseni ina muda wake mfupi na haimpi mtu haki ile ile ya hatimiliki. Nimeona karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ikiitwa hati. Na lile neno "hakina mgogoro" nimeliacha kabisa, kwa kuwa mimi dalali sina namna ya kulijua. Naandika nilichokiona: "Muuzaji amenionyesha hati yenye jina lake. Mnunuzi afanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kulipa."

Nililetewa kiwanja cha bondeni, mwenyewe akataka niandike "tambarare, kijani mwaka mzima". Ilikuwa Januari, jua kali, kweli kijani kilikuwepo: matete. Fundi aliyekuwa anajenga jirani akanionyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa nyumba ya nyuma, usawa wa kifua changu. Jiji hili linayajua maji ya mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na serikali ikawahamishia Mabwepande watu waliokuwa wakiishi mabondeni. Nilimwambia muuzaji nitaandika kuwa eneo linapata maji masika. Alikataa, akachukua kiwanja chake akakipeleka kwa mwenzangu, kikauzwa. Sijui aliyenunua ni nani. Nikipita njia ile mvua ikinyesha huwa naangalia upande ule.

Vile vile neno "kinagusa" lina hatari zake. "Kinagusa mto", "kinagusa bahari", "kinagusa lami". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito, kwa hiyo huko kugusa kunakopandisha bei ndiko kunakoweza kumzuia mtu asijenge. Na waliokuwa wanaishi Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, wanakumbuka mwaka 2017 jinsi nyumba zilivyobomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Nyumba nyingine alama ya X ya kubomolewa ilikaa ukutani miaka mingi, watu wakaizoea, na zikaendelea kupangishwa. Kama ukuta una X, tangazo liseme kuna X. Ukiipiga picha nyumba kwa upande ule mwingine umeshaamua kumficha mtu jambo zito kuliko yote.

Sasa niseme lile lililonichukua muda mrefu zaidi kuliona, kwa sababu halikuwa kwenye maji wala ukuta. Lilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa kila tangazo, pale tunapoandika mpangaji anayetakiwa.

Binamu yangu anaishi Columbus, Ohio, anafanya kazi kwenye ofisi ya kupangisha nyumba huko. Ana nyumba yake Mbezi, akaniomba niitangaze. Nikamtumia nilichoandika, na mwishoni nikaweka kama tulivyozoea: "Inafaa wanandoa wasio na watoto, wenye ajira ya uhakika, wanaojielewa." Akanipigia saa hiyo hiyo, kwao alfajiri. "Dada, huu mstari wa mwisho huku ungenifikisha pabaya." Nikadhani ananitania. Akanieleza kuwa Marekani wana sheria ya mwaka 1968, iliyosainiwa tarehe 11 Aprili, wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa, inayokataza kubagua watu katika kuuza na kupangisha nyumba. Ndani yake kuna kifungu cha matangazo peke yake: usichapishe neno lolote linaloonyesha unapendelea au unawakataa watu kwa rangi, dini, jinsia au taifa walilotoka. Jinsia iliongezwa mwaka 1974, watoto na ulemavu mwaka 1988. Hata mwenye nyumba ndogo anayeishi humo humo na wapangaji wake, ambaye sheria imemwachia nafasi katika mambo mengine, kwenye tangazo hajaachiwa. Kisha akasema kitu alichofundishwa kazini: eleza nyumba, usimweleze mpangaji.

Nilimjibu kwa hasira kidogo kwamba huku si Ohio. Sheria ya namna hiyo ya matangazo ya nyumba hatuna. Lakini Katiba yetu, Ibara ya 13, inakataa ubaguzi na inataja kabila, dini, jinsia, mahali mtu alikotoka, na hali yake ya maisha. Nilikuwa naijua tangu shuleni. Sikuwahi kuiweka pamoja na mistari yangu ya WhatsApp. Na nilipoanza kuiweka pamoja, nikamkumbuka yule mwalimu wa Tabata na mtoto mgongoni. Matangazo mangapi alikuwa ameyapita kabla ya kufika kwangu, kwa sababu ya maneno matatu, "wasio na watoto"?

"Anayejielewa" ndilo neno linaloniumiza zaidi, na nimelitumia mara zisizohesabika. Halimtaji mtu yeyote, ndiyo maana linapita. Ila kila anayelisoma anajua kama anasemwa yeye. Dereva bodaboda anajua. Msichana anayefanya kazi baa anajua. Mama anayelea watoto peke yake anajua, na mtu wa kabila ambalo mtaa umelibebesha sifa mbaya anajua. Wote hao hawapigi simu. Hawakatazwi na mtu, wanajikataza wenyewe, na dalali anasema hakuna aliyekataliwa.

Kazi ikawa sasa kuongea na wenye nyumba, na hapo nilijifunza kuuliza swali moja tu kwa adabu: "Mzee, unaogopa nini hasa?" Karibu kila mara chini ya kukataa watu kuna jambo la nyumba yenyewe. Baba mmoja wa Kinondoni hakutaka bodaboda. Nikauliza. Akasema mpangaji aliyepita alikuwa anarudi saa 8 usiku, anapiga honi afunguliwe geti, na mama mkwe ni mgonjwa wa presha. Basi tukaandika: "Geti hufungwa saa 5 usiku, kila mpangaji ana ufunguo wake, pikipiki izimwe nje ya geti." Hiyo ni kanuni ya kila mtu, daktari na dereva. Aliyekuja kupanga ni dereva bodaboda, na mpaka sasa anaizima pikipiki kona ya mtaa anaisukuma.

Mzee mwingine alikataa watoto katakata. Nilimbembeleza siku mbili. Mwishowe akanipeleka uani akanionyesha kisima, mdomo wazi, kimefunikwa na bati lililotoboka. Aliogopa mtoto wa mtu atatumbukia, na hakutaka kusema kwa kuwa alijua ni kosa lake. Nikamwambia, "Mzee wangu, hapa tatizo ni mfuniko." Tukamwita fundi, akamwaga zege akaweka mfuniko wa chuma na kufuli. Tangazo likatoka bila mstari ule, na likataja kisima na mfuniko wake.

Sikushinda kila mahali. Mama mmoja wa Magomeni alitaka niandike "Muislamu tu". Jiko lilikuwa la pamoja, na alichokiogopa ni nyama ya nguruwe kuingia kwenye vyombo vyake. Tukakubaliana iandikwe: "Jiko ni la pamoja na mwenye nyumba. Nguruwe na pombe haviingii ndani ya nyumba hii." Mpaka leo nalipima jambo lile. Kanuni ile inamhusu kila atakayeingia, na Mkristo anayekubaliana nayo anaweza kupanga; lakini najua pia wapo watakaoisoma wakaelewa kwamba hawatakiwi. Nilichojiridhisha nacho ni kuwa yule mama alikuwa anaeleza jiko lake analopikia mwenyewe kila siku. Angekuwa na nyumba ya kujitegemea mtaa wa pili akataka mstari ule ule, ningekataa. Yupo aliyetaka niandike asiletewe watu wa mkoa fulani. Huyo nilimuuliza anaogopa nini, akanitajia kabila tu, hakuna zaidi. Nikamrudishia funguo zake. Udalali wa mwezi mmoja nilioupoteza pale ningelipia ada ya mwanangu, nao niliuhitaji.

Lipo jambo jingine ambalo hata mimi nililifanya kwa nia njema. Kwa nyumba za ghorofa nilikuwa naandika "haifai wazee wala wagonjwa". Nilidhani nawasaidia. Mzee mmoja mstaafu wa bandari akanipigia, sauti yake tulivu: "Binti yangu, nani amekwambia mimi sipandi ngazi? Niambie ni ngazi ngapi, nitaamua." Alikuwa sahihi. Siku hizi nahesabu. "Ghorofa ya pili, ngazi 36, zina mkono wa kushikia upande wa kushoto, hakuna lifti." Msomaji anaijua miguu yake kuliko mimi.

Mwezi uliopita nilitangaza nyumba ya chini Chanika, nikaandika kwa kujiamini kwamba haina ngazi hata moja, geti mpaka chumbani ni sakafu sawa. Akapiga mama mmoja. Hakuuliza bei. Aliuliza, "Mlango wa bafu una upana gani?" Mwanawe ana miaka 14, anatumia kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimehesabu ngazi, nimeonja maji, nimetembea kutoka stendi na saa mkononi. Mlango wa bafu sikuwa nimeupima. Nikamwambia anipe saa mbili.

Nilipitia dukani nikanunua futi kamba, nikarudi Chanika. Mlango wa chumba, sentimita 80. Mlango wa bafu, sentimita 60. Nikampigia nikiwa nimesimama pale pale kizingitini. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kiti cha mwanawe ni 64. Akanishukuru kwa kumwokolea nauli ya watu wawili na ya mtu wa kumbeba mtoto kupanda daladala, akaniuliza kama nina nyingine. Nikamwambia ninazo mbili, ila sijazipima. Nitazipima kesho asubuhi nimpigie.

Kabla ya kufunga nyumba ile nikamtafuta mwenye nyumba kwenye simu, nikamuuliza fundi mlango anaweza kuja lini.